Vyjayanthimala, mchezaji aliyekataa kuitwa msindikizaji

Mama mkubwa alikuwa na kanda moja ya video iliyochezwa mpaka picha ikaanza kunyesha mistari. Ilikuwa Jewel Thief, picha ya Kihindi ya mwaka 1967, na nyumbani kwake Ngamiani, Tanga, haikupita sikukuu bila kanda ile kuwekwa. Kihindi hakukijua hata cha kuombea maji. Lakini ile ngoma ya karibu na mwisho ilipoanza, aliacha kupeta mchele, ungo ukabaki magotini, akasema: "Mtazame macho, mwanangu. Huyu kuna neno kalibana. Likimtoka, pana balaa."

Nilifikiri kuna mtu aliwahi kumhadithia. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipopata tafsiri ya wimbo wenyewe, uliotungwa na Majrooh Sultanpuri na kuimbwa na Lata Mangeshkar. Mstari wa kwanza unamsema mwanamke aliyekuja akiwa amelibana neno midomoni. Unaofuata unasema neno hilo likifichuka ni kilio. Mama mkubwa alikuwa ameusoma wimbo mzima kwenye uso wa anayecheza.

Na hadithi inathibitisha. Shalini, yule mwanamke anayecheza kasrini, ametekwa na genge la wezi wa vito, na mdogo wake wa kiume anashikiliwa ili yeye asitoboe siri. Mbele yake wamekaa watu wanaoweza kumuua mtoto yule. Pembeni mwanamume anayempenda ameshika ngoma anaipiga, hajui hatari imefika wapi. Shalini anazunguka kwa kasi, njuga zinalia, mikono inafungua na kufunga, kisha ghafla anasimama na macho peke yake yanaendelea kucheza, yanakwenda kwa adui, yanarudi kwa mpenzi, yanashuka chini. Kila anaposimama unahisi sasa atasema. Hasemi. Mdundo unamchukua tena. Dakika zile zimebeba hofu yote ya picha ile, na hakuna hata sentensi moja ya mazungumzo ndani yake.

Aliyekuwa akicheza ni Vyjayanthimala. Nataka kuandika habari zake kwa sababu naona zinaelezwa visivyo. Akitajwa leo, kwenye vipindi vya redio au kwenye kurasa za nyimbo za zamani, husemwa kwamba alikuwa steringi mzuri wa zama zile, "halafu pia alijua kucheza". Hiyo "halafu pia" ndiyo inayonikera. Inafanya uigizaji uwe nyumba na uchezaji uwe pazia la dirishani. Kwake yeye kazi hizo mbili zilikuwa kazi moja, na kuna siku alilazimika kulisema hilo hadharani, wakati ambapo ingekuwa rahisi zaidi kutabasamu na kushukuru.

Siku hiyo ilitokana na Devdas ya mwaka 1955. Mwongozaji Bimal Roy aliitengeneza kutoka riwaya ya Kibengali ya Sarat Chandra Chattopadhyay, iliyochapishwa mwaka 1917. Wengi wanaijua hadithi: Devdas, mtoto wa mwenye shamba kubwa, anampenda Paro wa jirani. Familia yake inakataa, naye anakosa ujasiri wa kusimama. Paro anaolewa na mjane mtu mzima. Devdas anazama kwenye pombe huko Calcutta, na huko anakutana na Chandramukhi, mwanamke anayeishi kwa kuimba na kucheza mbele ya wanaume wenye pesa. Devdas alikuwa Dilip Kumar, na Paro alikuwa Suchitra Sen kutoka sinema ya Kibengali. Nafasi ya Chandramukhi ilihangaika kupata mwenyewe, maana waigizaji wenye majina walikuwa wakimtaka Paro. Ikaangukia kwa binti wa Kitamili ambaye picha yake ya kwanza ya Kihindi ilikuwa na umri wa miaka minne tu.

Picha ikasifiwa. Tuzo za Filmfare, tuzo kubwa za sinema ya Kihindi zilizokuwa zimeanza mwaka 1954, zikampa Vyjayanthimala heshima ya mwigizaji msaidizi bora wa kike. Akaikataa. Hoja yake ilikuwa fupi: Chandramukhi hamsaidii Paro, hawa ni wanawake wawili wenye uzito sawa katika hadithi moja. Anatajwa kuwa mtu wa kwanza kuikataa tuzo ile.

Wapo waliosema ni majivuno ya msichana. Mimi nimeitazama picha ile mara nyingi nikiwa na swali hilo kichwani, na kila mara naona yeye ndiye aliyekuwa na haki. Pima mwenyewe. Nani anaacha kazi yake, nyumba yake na vito vyake kwa ajili ya Devdas? Chandramukhi. Nani anatembea vijijini kumtafuta, kisha anamwokota amelewa barabarani na kumuuguza? Chandramukhi. Paro anabaki kuwa jeraha la Devdas tangu mwanzo hadi lile geti linalofungwa mwishoni, na Suchitra Sen ameubeba uchungu huo vizuri mno. Lakini anayebadilika katika hadithi, anayeingia akiwa mtu mmoja na kutoka akiwa mwingine, ni yule mcheza ngoma. Kilichomfanya awe "msaidizi" ni kazi anayoifanya ndani ya hadithi. Paro ni binti wa watu na Chandramukhi anacheza kwa malipo, basi waamuzi wakaupanga uzito wao kwa ngazi ileile ambayo kijiji cha kwenye hadithi kilitumia kuwapanga.

Kuna sehemu ndogo sana katika Devdas ambayo huwa nairudia. Chandramukhi yuko njiani kwa miguu, amevaa nguo za kawaida, ameshaacha maisha ya zamani. Kutoka upande wa pili inakuja machela iliyobeba bibi wa nyumba kubwa. Ni Paro. Hawajawahi kuonana. Machela inakaribia, wanatazamana, inapita. Hawajui kwamba wanampenda mtu mmoja, au labda kitu fulani ndani yao kinajua. Hakuna neno linalosemwa, ni muziki tu. Na hapa hakuna ngoma, hakuna njuga wala mzunguko. Lakini tazama shingo ya Vyjayanthimala inavyogeuka na macho yanavyochelewa nyuma ya shingo, na utaona kila alichojifunza tangu utotoni kikifanya kazi akiwa amesimama wima kando ya barabara ya vumbi.

Alijifunza mapema kweli. Alizaliwa Triplicane, Madras, mji unaoitwa leo Chennai, katika miaka ya 1930, kwenye familia ya Iyengar, ya Kibramini, tabaka la juu la Wahindu. Mama yake, Vasundhara Devi, alikuwa nyota wa sinema ya Kitamili, na picha yake Mangamma Sabatham ya mwaka 1943 ilivuma sana. Aliyemlea hasa ni bibi yake, Yadugiri Devi, ambaye mkono wake ulikuwa mzito kwenye kila uamuzi. Akiwa na miaka mitano hivi alicheza Vatikani mbele ya Papa Pius XII, na mama yake akiwa miongoni mwa watazamaji. Mwalimu wake wa bharatanatyam, ngoma ya jadi ya kusini mwa India, alikuwa Vazhuvoor Ramiah Pillai, mmoja wa walimu wakubwa wa karne ile.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu bila historia hii maisha yake hayaeleweki.

Ngoma tunayoiita leo bharatanatyam, miaka mia moja iliyopita iliitwa sadir. Ilikuwa ngoma ya madevadasi, wanawake waliowekwa wakfu kwa mahekalu ya kusini mwa India, waliocheza mbele ya miungu na kwenye nyumba za wakubwa, wakirithishana sanaa hiyo mama kwa binti. Wanaume wa koo hizohizo walikuwa walimu na wapiga muziki. Chini ya ukoloni wa Waingereza, na baadaye chini ya wanamageuzi wa Kihindi wenyewe, wanawake wale wakaanza kuitwa makahaba wa hekaluni. Dhuluma zilikuwepo ndani ya mfumo ule na hakuna wa kuzikana. Lakini dawa iliyotumika ilikuwa kali kwa waliodhulumiwa kuliko kwa wadhalimu. Sheria ya Madras ya mwaka 1947 ikapiga marufuku kuwaweka wasichana wakfu. Na kabla ya hapo, katika miaka ya 1930, ngoma yenyewe ilikuwa imeshavuliwa jina na kuvishwa jipya. Wakili E. Krishna Iyer aliipigania, Chuo cha Muziki cha Madras kikaipa jukwaa, na Rukmini Devi Arundale, Mbramini, akaicheza hadharani mwaka 1935, kisha mwaka uliofuata akaanzisha shule ya Kalakshetra. Ngoma ikawa ya heshima. Wengi wa waliokuwa wameibeba kwa vizazi wakabaki nje ya mlango.

Vyjayanthimala ni mtoto wa zama hizo, tena wa upande uliofaidika. Alikuwa binti wa Kibramini aliyefundishwa na mwalimu wa ukoo wa wapiga muziki, akacheza kwenye kumbi ambazo binti wa devadasi asingepokewa kwa moyo uleule. Silisemi hili ili kumpunguzia sifa. Nalisema kwa sababu kile kilichotokea baadaye Bombay, mji wa sinema ya Kihindi, kinapata maana nzito zaidi ukilijua. Msichana aliyepewa ngoma iliyosafishwa ili isinuke tena uhusiano wake na wanawake wa zamani, alifika kwenye sinema na kupewa, mara baada ya mara, nafasi za wanawake walewale: Chandramukhi wa Devdas, Champabai wa Sadhna, Amrapali. Aliwachukua na kuwapa hadhi.

Aliingia kwenye sinema kupitia jukwaani. Mwongozaji M. V. Raman alimwona akicheza Gokhale Hall, Madras, akataka awe steringi wa Vazhkai ya studio ya AVM. Bibi hakutaka, mtoto alikuwa bado anasoma. Baadaye akalainika. Vazhkai ilitoka mwaka 1949 kwa Kitamili, ikafuata ya Kitelugu, kisha Bahar ya Kihindi mwaka 1951. Kihindi alikwenda kujifunza darasani ili sauti itakayosikika kwenye mazungumzo iwe yake mwenyewe. Watu hulipita jambo hili haraka, lakini linaonyesha tabia: hakutaka mwili wake uwe wa kwake na maneno yawe ya mwingine.

Nagin ya mwaka 1954 ndiyo iliyompeleka kila nyumba. Ile sauti ya filimbi ya nyoka, ambayo watu wa pwani yetu waliipiga mluzi bila kujua maneno, ilitoka kwenye kinanda cha umeme kilichopigwa na Kalyanji, katika muziki wa Hemant Kumar. Na mwili uliokuwa ukiifuata ulikuwa kitu kipya Bombay. Kabla yake, mara nyingi steringi wa kike wa picha za Kihindi aliimba na kulia vizuri, na ngoma ngumu zikaachiwa wachezaji maalumu kama Cuckoo, wanaoingia kwa wimbo mmoja na kutoweka. Vyjayanthimala aliziunganisha kazi hizo mbili katika mtu mmoja. Alikuwa nyota wa kwanza mkubwa kutoka kusini kutawala sinema ya Kihindi, na waliopita mlango ule baada yake ni wengi: Padmini, Hema Malini, Rekha, Sridevi, Jaya Prada.

Mwaka 1958 peke yake unatosha kumhukumu mtu. Katika Madhumati, tena ya Bimal Roy, alikuwa wanawake watatu, mmoja akiwa amekufa, mmoja akifanana naye, mmoja akizaliwa upya. Picha ile ilichukua tuzo 9 za Filmfare, rekodi iliyodumu zaidi ya miaka thelathini. Mwaka huohuo katika Sadhna ya B. R. Chopra alikuwa kahaba anayekodiwa ajifanye mke wa mwalimu, ili mama wa mwalimu huyo afe ameridhika. Mama hafi, anampenda mkamwana, na yule mwanamke anajikuta anayataka maisha ambayo alilipwa kuyaigiza. Vyjayanthimala aliteuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa picha zote mbili, akashinda kwa Sadhna. Safari hii haikuwa ya usaidizi, akaipokea. Na tena ni mwaka huohuo, kwao kusini, katika Vanjikottai Valiban, alipokutana na Padmini kwenye shindano la kucheza ambalo Watamili hawajalisahau. Katikati ya ngoma ile anasikika mtu akisifu kwa Kitamili kwamba haya sasa ndiyo mashindano ya kweli, na kauli hiyo imekuwa msemo wa mitaani mpaka leo. Sisi tunasema mcheza kwao hutunzwa. Yeye alitunzwa kwao na alitunzwa ugenini, kwa lugha mbili, ndani ya mwaka mmoja.

Kwenye Gunga Jumna ya mwaka 1961 hakutegemea ngoma kubwa. Dhanno ni mwanamke wa kijijini mwenye ulimi mkali, na anazungumza lahaja ya mashariki ya Uttar Pradesh, lugha iliyo mbali na Kitamili kuliko Kiswahili kilivyo mbali na Kiganda. Akaimeza lahaja ile na kuitoa kama aliyezaliwa nayo, akapata tuzo ya pili ya mwigizaji bora.

Ya tatu ilikuwa ya Sangam, mwaka 1964, picha ya Raj Kapoor ya karibu saa nne, mojawapo ya picha za mwanzo za Kihindi kwenda kupigwa Ulaya. Nina ugomvi na Sangam. Ni hadithi ya marafiki wawili wa kiume wanaotoleana sadaka, na sadaka yenyewe ni mwanamke ambaye hakuna aliyemuuliza. Lakini ndani yake kuna kipande cha chumba cha hoteli Paris ambacho hakikutegemewa. Mume anataka kwenda kuangalia wacheza dansi wa usiku, na mkewe aachwe chumbani. Radha anajivika mavazi ya klabu, anacheza mbele yake huku akilalamika kwa wimbo kwamba ameolewa na mzee. Watu huicheka sehemu hiyo na inachekesha kweli. Mimi naona kitu kingine pia. Mwanamke mwenye heshima anamwonyesha mumewe kwamba yule anayemlipia kiingilio nje na huyu aliye naye ndani wanaweza kuwa mtu mmoja, na kwamba mstari kati yao umechorwa na wanaume. Ni jambo lilelile la Paro na Chandramukhi, safari hii ndani ya mwili mmoja.

Kisha ikaja Amrapali, mwaka 1966. Mwongozaji Lekh Tandon alichukua hadithi ya kale ya mchezaji mkuu wa Vaishali, mwanamke aliyepewa cheo cha kuwa bibi wa mji mzima, na mfalme Ajatashatru wa Magadha aliyempenda akiwa adui wa mji huo. Ngoma zilipangwa na Gopi Krishna, mavazi yakashonwa na Bhanu Athaiya. Kama kuna picha iliyotengenezwa ili uchezaji uwe ndiyo hadithi yenyewe, ni hii. India iliichagua kuiwakilisha kwenye Oscar. Sokoni ilianguka. Watazamaji waliokuwa tayari kumlipia akicheza nyimbo tatu ndani ya hadithi ya mwanamume hawakuwa tayari kumlipia akiwa yeye ndiye hadithi. Nikiulizwa ni picha ipi ya Vyjayanthimala inayostahili kutafutwa upya na kutazamwa kwa macho mapya, nitaitaja hiyo kabla ya Sangam, kabla hata ya Madhumati.

Hadhira yake ya mbali ilikuwa na faida moja ambayo ya Bombay haikuwa nayo. Kwenye sinema za Majestic na Cine Afrique za Unguja, Avalon ya Dar es Salaam, Regal na Naaz za Mombasa, picha za Kihindi zilionyeshwa mara nyingi bila maandishi ya Kiswahili. Mtazamaji alibaki na nyuso, mikono na muziki. Muziki waliubeba wakaondoka nao. Juma Bhalo wa Mombasa alijenga sehemu kubwa ya taarabu yake juu ya tuni za picha hizo, akazitia mashairi ya Kiswahili yanayouma. Nyuso na mikono walibaki nayo wenyewe vichwani, kama alivyobaki nayo mama mkubwa. Bharatanatyam ina upande wa hatua na mdundo, na ina upande wa kueleza, ambao kwa Kisanskriti huitwa abhinaya, ambapo jicho, nyusi na vidole vinasimulia. Watu waliokosa maneno walilazimika kuusoma upande huo wa pili.

Lakini tusijipongeze haraka. Na sisi tumewapanga watu kwa ngazi hiyohiyo. Fikiria bendi zetu za dansi. Tunawajua waimbaji kwa majina, tunawajua wapiga solo na besi, tunabishana nani aliyepiga gitaa kwenye wimbo gani wa mwaka gani. Wanenguaji waliojaza ukumbi usiku kucha ni wangapi tunaoweza kuwataja? Nimejaribu mwenyewe, na nimepata aibu.

Mwaka 1968 alipewa nishani ya Padma Shri, akaolewa na daktari Chamanlal Bali. Picha zilizokuwa zimebaki zikamalizika, ya mwisho ikawa Ganwaar ya mwaka 1970. Akaondoka akiwa bado juu, na hakurudi kucheza nafasi za mama mwenye mvi kama wenzake wengi walivyofanya. Wanaoandika habari zake huishia hapo, kisha wanaongeza aya moja ya siasa: alishinda ubunge wa Madras Kusini kwa tiketi ya chama cha Congress mwaka 1984 na tena 1989, akawa mjumbe wa Baraza la Juu la Bunge kuanzia 1993 hadi 1999, kisha akahamia chama cha BJP. Siasa yake haikuacha alama kubwa na sina la kuongeza.

Ila kusema kwamba alistaafu ni makosa. Aliacha sinema, ngoma hakuiacha hata siku moja. Sinema ilichukua takriban miaka ishirini ya maisha yake, ngoma imechukua zaidi ya themanini. Alirudi Madras, akachimba tungo za zamani, akazicheza kwenye kumbi ambazo hazina kamera wala mistari ya watu barabarani, na mwaka 1982 Sangeet Natak Akademi, taasisi ya taifa ya muziki, ngoma na tamthilia, ikampa tuzo yake kwa bharatanatyam. Waliompa tuzo ile waliitambua kazi ya mcheza ngoma, na picha za Bombay hazikuwa na nafasi kwenye hesabu yao.

Mapema mwaka 2024, akiwa na miaka tisini hivi, alicheza Ayodhya, kwenye hekalu jipya la Ram. Video ilisambaa. Niliitazama kwa moyo uliogawanyika. Mahali pale palisimama Msikiti wa Babri mpaka ulipobomolewa mwaka 1992, na siwezi kuona jukwaa lile bila kuyakumbuka maisha ya watu yaliyopotea katika ghasia zilizofuata. Hilo liko palepale na haliondoki. Lakini macho yalikuwa yaleyale. Mwili ulikuwa umepunguza hatua, magoti hayakushuka tena, na macho na vidole vikachukua kazi iliyoachwa na miguu. Mwaka huohuo serikali ya India ikampa Padma Vibhushan, nishani ya pili kwa ukubwa nchini humo.

Narudi kwenye tuzo ile aliyoikataa, kwa sababu ina mwendelezo. Mwaka 2002 Sanjay Leela Bhansali alitengeneza Devdas yake. Safari hii Paro na Chandramukhi hawapishani kimya njiani, wanakutana na kucheza pamoja, Aishwarya Rai na Madhuri Dixit, bega kwa bega, kwenye wimbo ambao mpaka leo unapigwa kwenye harusi. Mtu angefikiri kwamba sasa wamelingana. Zilipotolewa tuzo za Filmfare mwaka 2003, Aishwarya alipewa ya mwigizaji bora wa kike. Madhuri, mchezaji mkubwa wa kizazi chake, ambaye ameibeba Chandramukhi kwa uzito uleule, alipewa ya mwigizaji msaidizi. Akaipokea, na simlaumu. Ila ilikuwa imepita karibu nusu karne tangu binti wa Triplicane aeleze kwa nini jina hilo si sahihi, na waamuzi walikuwa hawajabadilisha hata neno moja.